Nyumba Yangu ni Dago

Jumamosi, Mbweni. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya kulowesha nguo kambani tu wala si ya kujaza pipa. Asubuhi moyo wangu ulikuwa mzito, sasa umekuwa mwepesi, na nataka kuandika kabla haujageuka tena, maana naujua.

Leo nimegundua kwamba mama yangu haishi kwangu. Yuko dago.

Kwa asiyejua, dago ni kambi ya wavuvi. Wanaume wa kwetu Bwejuu hufuata samaki mbali, wakapiga kibanda cha makuti ufukweni, wakalala humo mpaka samaki wapungue, kisha wakarudi majumbani. Marehemu Baba alikuwa mtu wa dago. Alikuwa akirudi mweusi, amekonda, na pakacha la ng'onda, wale samaki waliokaushwa, na hadithi ambazo watoto hatukuruhusiwa kuzisikia zote. Dago hapapelekwi kikombe kizuri. Dago hapatundikwi pazia.

Na mimi kazi yangu ni kushona mapazia.

Tangu Baba afariki, Mama amekuwa mtu wa kuzunguka. Mara yuko Bwejuu kwa Dada Mosi, mara Michenzani kwa Kaka Pandu kule ghorofani, mara kwangu. Haji kwa taarifa. Utasikia hodi, ukifungua mlango yuko yeye na mkoba wake wa ukili, anauliza kama kuna chai. Sisi wanawe tunamwita Bi Mzunguko kwa siri, siri ambayo yeye mwenyewe anaijua.

Halafu akateleza mwambani akichokoa pweza, akategua mguu. Tukakaa kikao watoto watatu, tukasema basi, kuzunguka mwisho. Atakaa pahala pamoja, na pahala penyewe ni kwangu. Kwa Kaka ngazi zinamshinda, na kwa Dada bahari iko mlangoni, na Mama hawezi kuiona inakupwa akatulia. Mimi nina chumba cha chini na maji ya bomba. Wenzangu walipokubali, nilifurahi kama mtu aliyeshinda mnada.

Nilimnunulia kitanda. Nilimnunulia kabati. Nilimshonea mapazia ya kijani, rangi anayoipenda, nikayawekea bitana ili jua lisimchome. Mguu ukapona, Alhamdulillahi, lakini kanga zake zikabaki mkobani. Anatoa moja, anaivaa, anaifua, anairudisha mkobani.

Wiki iliyopita nikazitoa mwenyewe. Nikazipanga kabatini, nikatia asumini katikati. Mama alinitazama tu. Kesho yake naingia kufagia, kabati tupu, mkoba umejaa. Asumini nayo imo mkobani.

Nilicheka siku ile. Leo sikucheka.

Leo asubuhi nilikuwa nje naanua nguo, na Mama yumo chumbani anazungumza na Dada Mosi kwa simu, kwa sauti ile ya watu wa kwetu wanaodhani simu inahitaji kusaidiwa. Nikamsikia anasema yuko dago, chakula kizuri, hajambo, asiwe na wasiwasi.

Dago. Nyumba yenye marumaru na vyandarua, mama yangu anaita dago.

Nikaingia kwenye cherehani na hasira zangu. Nikakata pazia la mteja fupi, likawa halifiki hata kwenye kizingiti cha dirisha. Nikampigia Kaka Pandu kumshitakia. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe na kwake Mama anapaita hivyohivyo, aliwahi kumwambia jirani wa ghorofa ya chini kwamba amepanda dago. Nikampigia Dada Mosi. Na kwake pia ni dago, ingawa amejenga ubavuni mwa nyumba ile ile tuliyozaliwa.

Hapo hasira zikaniisha, ikaniingia khofu. Kama kwetu sote watatu ni dago, basi kwake ni wapi? Nyumba ya zamani paa lilishaanguka. Nikaona tumemwacha mzee wetu hana kwao, anatangatanga na mkoba na sisi tunamtania.

Wakati wa chakula cha mchana sikuweza kuvumilia. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, sinia moja.

"Mama, hapa kwangu ni dago?"

"Naam," akaitika kama aliyeitwa, tonge mkononi. "Kwani wewe ulitaka pawe nini?"

"Pawe kwako."

Akalirudisha tonge kwenye sinia. Nilidhani nimemkera. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Kwangu nilikuwa nako, mwanangu. Babako akenda dago, mie nkabaki na mlango. Kila mwaka yeye anafunga virago, mie nafunga mlango. Watu wakinionea huruma, mke wa mtu wa dago. Mie nlikuwa namuonea wivu."

Mama yangu, ambaye katika kumbukumbu zangu zote za utotoni yuko pale pale, jikoni au kizingitini, kumbe alikuwa anatazama pakacha la Baba likifungwa na roho inamtoka.

"Sasa zamu yangu," akasema, akaendelea kula.

Kisha akanipa hesabu yake, na mimi ndiyo kwanza naijua. Maji yakiwa bamvu, bahari inakupwa mbali, mwani unafungika na pweza wanaonekana, hapo yeye yuko Bwejuu. Maji yakiwa mafu, bahari haiendi mbali, hakuna kazi, hapo anakuja mjini kwetu, kwa Kaka au kwangu. Ana njia zake kama watu wenye mifugo. Na hilo si mimi niliyelisema, ni yeye. Amekwisha jenga usuhuba na mlinzi wa jirani, kijana wa Kimaasai, wanasimuliana ukutani, huyu ng'ombe, huyu pweza. Kijana amemwambia kwao mama ndiye anayejenga nyumba kwa mikono yake, na majani yakiisha anaiacha, wanahama, anajenga nyingine. Mama ameipenda sana habari hiyo. Anasema wale hawaulizani unakaa wapi, wanaulizana ng'ombe wako wapi.

Nikamwambia dago ni kibanda tu, ndiyo maana niliumia. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa kanzu kinyume.

"Nani kakwambia watu hufuata kibanda? Dago haliendwi ila kwenye samaki."

Ndiyo hapo nilipoinuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Nililia kidogo jikoni. Nalisema wazi kwa kuwa hapa ni kwangu.

Alasiri tukafanya kikao kwa simu. Dada akakubali upesi, Kaka baada ya kunung'unika. Mama atarudi kuzunguka, kwa sharti moja: haendi tena mwambani, atakaa kivulini afunge mbegu za mwani kwenye kamba. Ameitikia haraka mno, bila ubishi hata kidogo, kwa hiyo najua hatatii. Dada Mosi ameapa kuuficha mchokoo, ile fimbo yake ya kuchokolea pweza.

Anaondoka Jumatatu. Hivi ninavyoandika, mkoba uko kitandani na yeye anauimbia kwa sauti ndogo, amevaa kanga yake mpya, ana uso wa msichana anayekwenda harusini. Kabati nitaanza kutilia vitambaa vyangu. Mapazia ya kijani amesema nisiyashushe.

Nimemuuliza atarudi lini. Amesema maji yakifa.

Miaka yote nilikuwa nikifungua mlango, namkuta na mkoba wake, najiambia mama amenikumbuka. Kumbe bahari ndiyo iliyomwachia nafasi. Nimejaribu kuumia kwa hilo, nimeshindwa.

Basi na yafe upesi.