Usimtume Agnesi na Kibuyu cha Maziwa

Mtwara,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwenye simu juzi niliitoa kwa haraka na najua uliisikia hivyo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limepunguza kelele zake, na mvua ya Gehandu imeacha kuwatania. Mbaazi zimeshikaje? Mbuzi yule mwenye jicho moja bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Mimi mwili ni mzima. Nimechoka tu, mama, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao, lakini homa sina na chakula nakula. Joto la huku halijanizoea wala mimi sijalizoea. Kuna asubuhi natamani ile baridi ya kwetu ya kututoa kamasi.

Vaa miwani yako, usome barua hii peke yako. Usimpe mtu akusomee mpaka umeimaliza. Ukishamaliza, mpe Kaka Danieli, na iishie kwake. Anayekuletea ni Bi Salma, yule mfanyabiashara wa Katesh anayeleta vitunguu swaumu vya Mbulu huku na kurudi na korosho. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, asiiache dukani wala kumpa mpita njia.

Nataka kukueleza kwa nini nilikukataza kumtuma Agnesi.

Unakumbuka ulivyonipigia ukiwa na hasira. Ulisema, "Magdalena, huyu mtoto wako ameota mapembe. Mwalimu wa kwaya anapita hapa, mtu mzima na heshima zake, Agnesi anageuza uso. Shikamoo hatoi! Nimemchapa, bado. Samaki mkunje angali mbichi. Jumamosi nitamtuma kwake na kibuyu cha maziwa akaombe msamaha." Nikasema asiende. Ukauliza kwa nini, nikababaika, kisha nikasema kosa la mtoto ni la mama yake, kwa hiyo asubiri nije niende naye tukaombe msamaha pamoja. Ulifurahi sana. Ukasema kumbe sijasahau nilivyolelewa.

Nilidanganya, mama. Simu yako ilikuwa kwenye spika kama kawaida yako, na nyuma yako nilisikia mtu anakohoa, halafu anasema, "Msalimie Mama Agnesi." Alikuwa ni yeye, mwalimu wa kwaya. Alikuwa amekaa hapo kwenye kiti cha marehemu baba, anakunywa chai yako. Ningesema nini mbele yake?

Ili unielewe, inabidi nikueleze kwanza kilichonichosha huku. Unajua nafanya kazi ya ulezi kwenye kituo cha michezo cha watoto. Wanakuja baada ya shule kucheza mpira na netiboli, na wakati wa likizo wengine wanalala hapo. Mimi nawaangalia wasichana: nani hajaoga, nani anaumwa, nani analilia kwao. Mwanzoni mwa mwaka alikuja afisa wa ustawi wa jamii kutufundisha namna ya kumtambua mtoto anayefanyiwa ubaya. Akatuuliza, "Kwenu mtoto akikataa kumwamkia mkubwa, mnamfanyaje?" Wote tukajibu kwa pamoja: anachapwa. Mimi nikaongeza kwamba kwetu Hanang anachapwa na mama yake, halafu na jirani aliyeshuhudia. Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Alisema, "Kabla hujachukua fimbo, angalia kwanza kama anawakataa wakubwa wote, au anamkataa mmoja." Nikasikia, nikapiga miayo, maana tulikuwa tumetoka kula.

Basi tulikuwa na mtoto mmoja pale kituoni, nitamwita Zai, kwa sababu jina lake halisi si langu kulitoa. Siku za kocha fulani tumbo linamuuma. Siku za kocha mwingine anaruka kama mwanambuzi. Sisi tukampa dawa ya minyoo. Tumbo likaendelea kuuma, tukampa tena dawa ya minyoo. Ndipo siku moja nikamwona anapita mbele ya wakubwa waliosimama getini, anawaamkia mmoja mmoja kwa adabu zote, lakini alipofika kwa yule kocha akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe alinunuliwa na kocha huyo. Maneno ya afisa yakanirudia, na usingizi wa siku ile wote ukaniisha.

Sikumhoji. Nilimwita jikoni tuchambue mchele. Tukachambua tukiongea habari za kuku. Siku nyingine tukachambua tena. Mwishowe akasema mwenyewe, huku anatazama ungo. Aliyoyasema sitayaandika hapa. Niliyapeleka kunakohusika, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda polisi na kurudi, kukaa kwenye benchi, kurudia maneno yaleyale kwa mtu mpya kila mara. Kocha ameondolewa na kesi inaendelea. Wafanyakazi wenzangu wengine hawaniongeleshi, wanasema nimekiharibia kituo jina. Nimechoka, mama, nakuambia kweli.

Ila kilichoniumiza zaidi ni siku mama yake Zai alipokuja. Alilia, akamshika mwanae mabega, akamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Zai akamjibu taratibu, wala hakukasirika. "Nilikataa kumwamkia, mama. Ukanichapa." Yule mama alikaa chini sakafuni na khanga yake nzuri, tukashindwa kumwinua.

Wiki hiyohiyo ukanipigia wewe.

Sasa usishtuke miwani ikaanguka. Sisemi kwamba mwalimu wa kwaya ana hatia. Mimi namjua kwa sauti tu. Inawezekana alimkemea mbele ya wenzake mtoto akaona aibu, na hakuna zaidi. Lakini nimekaa nikakumbuka mambo uliyonisimulia wewe mwenyewe kwa furaha, na mimi nikafurahi pamoja nawe. Kwamba anasema Agnesi ana sauti kuliko wote, kwa hiyo humbakiza peke yake wenzake wakishaondoka. Kwamba alimnunulia sweta, akamwambia asiwaambie wenzake limetoka wapi wasije wakaona wivu. Kwamba humrudisha kwa pikipiki, na siku moja walichelewa kwa sababu walipitia Dirma kuonana na mtu. Na Agnesi, mwanafunzi mzima wa darasa la tano, ameanza tena kukojoa kitandani, ukasema ni uvivu wa kuamka kwenye baridi. Kila jambo peke yake lina maelezo yake. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu mengine hupita bila kunyesha, lakini sijawahi kukuona wewe ukianika mbaazi chini ya wingu jeusi.

Najua utaniambia, "Mtu huyu anasali, ana adabu, mimi mwenyewe huniamkia akiwa ameinama." Ndiyo, mama. Yule kocha wa huku pia, hakuna aliyetuamkia vizuri kumzidi. Alikuwa anamletea mpishi wetu samaki. Mtu anayetaka kumfikia mtoto anaanzia kwa bibi yake.

Na kile kibuyu ndicho kinachoninyima usingizi. Desturi yetu naipenda. Ukimkosea mtu unakwenda na kitu mkononi, unaomba radhi, akipokea jambo limekwisha. Ndivyo wewe na jirani yako Mama Bura mlivyomaliza ugomvi wa mpaka wa mashamba, na leo mnachotana chumvi. Lakini fikiria huyu mtoto. Anamkimbia mtu, hajui aseme vipi, ameona afadhali ageuze uso. Halafu sisi wa kwao tunamvalisha gauni la Jumapili, tunamjazia maziwa, tunampeleka mpaka mlangoni kwa mtu huyohuyo akaseme yeye ndiye mkosaji. Akitoka hapo, nani mwingine atamwambia kitu?

Kwa hiyo nakuomba, mama yangu, na nisamehe kukufundisha wewe uliyenifundisha kutembea. Usimtume kwake, si kwa maziwa wala kwa mazoezi. Ile kambi ya kwaya ya Mbulu shule zikifungwa, asiende. Sema nimesema nakuja, anisubiri. Asipande tena ile pikipiki. Mwalimu akija, msalimiane hapo nje, na Agnesi abaki na wewe.

Usimwulize Agnesi maswali. Kuuliza kwako nakujua. Hata Danieli na ndevu zake ukimwuliza anaungama dhambi ambazo hajatenda. Kaeni mpukuchue mahindi. Mwambie umeacha kumchapa kwa ajili ya shikamoo, na kwamba ulimchapa kabla hujajua sababu. Nalijua jambo hilo ni zito kwa mtu wa umri wako kumwambia mtoto. Mwambie hivyohivyo. Na kama maziwa umeshayaweka kwenye kibuyu, mpe Agnesi ayanywe. Anayestahili kuombwa radhi ni yeye.

Akisema kitu, usipige kelele, na usimwulize mbona hakusema mapema. Mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Halafu mwite Kaka Danieli, mwende Katesh siku hiyohiyo, kwa ustawi wa jamii au kwenye dawati la watoto pale polisi, na mnipigie mkiwa njiani, si mkiwa nyumbani. Wazee wakitaka kukaa chini na kutoza faini ya ndama ili mambo yaishe kimyakimya, kataa, mama. Ndama atakua, atazaa, watu watakunywa maziwa, na mtoto atabaki na yake moyoni. Na Agnesi asiposema kitu, basi asiseme, asilazimishwe. Nitakuja nikae naye.

Maana nakuja kweli. Nimeomba ruhusa, nimenuniwa, lakini nimepewa. Nitafika kabla shule hazijafungwa. Nitakwenda na Danieli kigangoni, pale kanisani kwenu, kuwauliza viongozi mambo ya wazi ambayo tulipaswa kuyauliza tangu kwaya ilipoanza: ni mama gani anayefuatana na watoto, wasichana wanalala na nani huko kambini, na kwa nini mtoto mmoja afundishwe peke yake wenzake wakishaondoka. Wala siulizi kwa ajili ya Agnesi tu, wako watoto wa watu wengi pale. Kama mwalimu ni mtu mwema hatachukia, maana maswali hayo yanamlinda na yeye. Kama atachukia, tutakuwa tumejua.

Usilie sana, mama. Najua utalia, ndiyo maana nasema "sana". Hukufanya kwa ubaya. Ulimlea akawa na adabu, na nadhani hiyo ndiyo sababu hakupiga kelele, aligeuza uso tu. Naogopa, mama. Tangu ile simu kila nikiwaona wasichana wa hapa wamepanga foleni ya uji, namtafuta wangu katikati yao wakati najua hayupo. Nilimwacha kwako kwa sababu hakuna mahali pengine duniani ninapopaamini kuliko nyumbani kwako, na bado napaamini. Mlinde mpaka nifike.

Nisalimie Kaka Danieli na wifi yangu, mwambie wifi kitenge chake nakuja nacho. Nisalimie Shangazi Yuditha wa Hirbadaw, mwambie mguu wake tutaupeleka hospitali nikifika, aache kuupaka mafuta ya taa. Nisalimie Mama Bura jirani, na watoto wake, na yule mzee anayekulimia alizeti ambaye jina lake huwa nalisahau. Hata mbuzi mwenye jicho moja mpe salamu zangu, mwambie akinikuta jikoni atanitambua.

Mwalimu wa kwaya sijamtumia salamu. Yeye usimwambie lolote. Ila Agnesi mwite pembeni, umwambie polepole kwamba mama yake ameandika barua ndefu, amesalimia watu wote wa nyumbani mpaka mbuzi, ila yule mwalimu hakumsalimia.

Mwanao akupendaye,
Magdalena, Mama Agnesi.