Viazi vya Moto

Ipuli, Tabora

Kaka Abdulatifu,

Shikamoo. Huku hatujambo, jua kali tu. Jiko nimelibadilisha bati, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Viazi vitamu vya Isikizya vimejaa sokoni, nikanunua gunia zima nitengeneze matobolwa ya kula wakati wa mvua.

Unakumbuka Mama alivyotufundisha: vichemshwe, viachwe vipoe kabisa, ndipo vikatwe vipande na kuanikwa. Alisema hata maneno ya hasira tuyafanyie vivyo hivyo. Wewe ulishika. Mimi sina subira, unanijua.

Kwenye simu nilikwambia Mama anasahau kidogo. Sikusema yote. Tangu mfungo wa Ramadhani ananiita jina la marehemu shangazi, au ananiuliza mimi ni mgeni wa nani.

Jumanne nilivikata viazi vikiwa vya moto, vikapondeka. Mama alikuwa ameketi kwenye jamvi lake. Akanipiga mkononi. "Tatu, nimekwambia mara ngapi? Ngoja vipoe."

Alinitaja kwa jina, kaka. Nikalia mbele yake, akadhani nimeungua.

Sasa kila asubuhi navikata vya moto makusudi. Siku nyingine ananigombeza, siku nyingine ananitazama tu. Gunia linakaribia kwisha, na matobolwa hatuna.

Wewe ulikuwa unavianika vikiwa vimebebana, anakufokea mpaka majirani wanasikia. Njoo, kaka. Njoo ukosee na wewe, huenda akakuita.

Mdogo wako,
Tatu