Ng'ombe Wetu wa Mahari Ana Majani, na Mizizi Yake Inaoza

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na nakuomba usicheke mpaka umalize kusoma, maana hapa Kamunyonge nimemweleza mtu mmoja tu na alicheka hadi akakaa chini.

Mimi ni karani wa mradi wa maji hapa Musoma, na mwaka jana mwezi wa pili mtaalamu wetu, mzungu kutoka nchi za baridi, alipomaliza mkataba aliniachia ua lake alilokuwaga analitunza barazani kwenye ndoo, linaitwa rododendroni, jina aliniandikia kwenye karatasi, lina majani mazito kama ngozi na likichanua linatoa maua mekundu yaliyojikusanya kama ngumi, na wakati huohuo nilikuwa nimeposa kwa Mzee Burito wa Nyamuswa, binti yake Hyasinta, ikabaki nipeleke ng'ombe wa mwisho wa mahari, na ng'ombe huyo alikuwepo kabisa zizini kwa baba yangu, ila wezi wa mifugo walimchukua wiki moja kabla, yeye na wenzake wote.

Wazee wakaja Musoma kuhakikisha kama nasema kweli, na Mzee Burito akaliona ua limechanua. Akauliza, "Kitu hiki kinapatikana wapi?" Nikamwambia, "Baba, mkoa mzima ni hili tu." Akalizunguka mara mbili, akaligusa kwa fimbo, akauliza, "Mwizi akipiga mluzi, linamfuata?" Nikasema haliendi popote. Akawageukia wenzake, akasema, "Basi huyu ndiye ng'ombe wa miaka hii," na mshenga wetu, Mzee Enoka, akatamka mbele ya wote kwamba huyu ni ng'ombe na amepokelewa kama ng'ombe, na harusi ikafungwa.

Kosa langu liko hapa, Mshauri. Mzee aliniuliza anatunzwaje, na mimi nilikuwa sijui, maana yule mzungu hakutaka mtu aliguse, lakini nilikuwa nimevaa koti la kuazima na watu wote wananitazama, nikajibu, "Kama ng'ombe tu, Baba. Maji mengi asubuhi na jioni, na magadi kidogo." Mzee akafuata neno kwa neno. Walilipanda katikati ya zizi, wakalipa jina la Mgeni, wanalimwagia debe zima kila ng'ombe wanaporudi kunywa maji, na jioni linawekewa magadi shinani. Nilipokwenda kusalimia, mama mkwe wangu, Mama Petronila, akaniambia kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa heshima, "Mkwe, Mgeni anapenda magadi kuliko wenzake. Jioni naweka, asubuhi hakuna." Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, lakini mimi nikasema, "Ni kweli, Mama, anapenda sana."

Sungusungu wakipita kuhesabu mifugo wanamhesabu na yeye. Mwezi wa tatu tangu apokelewe alichimbuliwa na udongo wake, akapelekwa joshoni kwa toroli kwa ajili ya kupe, na bahati yetu josho halijapata dawa tangu mwaka juzi, ni maji ya mvua tu, kisha akarudishwa zizini akapandwa upya, safari hii kwa kina zaidi ili asianguke. Bwana mifugo aliitwa amchome sindano, akasema hachomi mti. Mzee akamjibu, "Mnatutangazia kila kitu sasa kipo madukani, kumbe sindano bado hamna."

Sasa majani yamelegea, yamejikunja kama sigara, mengine ya njano. Mzee anasema Mgeni ana kiu, na maji yamekuwa mara nne kwa siku. Wiki tano zilizopita alikuja Musoma kumchukua Hyasinta, akasema ng'ombe wa mahari akifa kabla ya kumaliza mwaka ni kama hakutolewa, kwa hiyo binti atakaa kwao mpaka Mgeni asimame. Hyasinta amechomeka kidole kwenye udongo, amenitumia habari kwa dereva wa basi kwamba ni matope na yananuka kama mtaro. Siku alipoondoka aliniambia mlangoni, "Leodgar, siku ile nilikuwa nakutazama. Ulipotaja magadi ulikuwa unaangalia dari." Akapanda basi na baba yake.

Rafiki yangu wa kazini anasema nitafute mti wowote wenye majani yanayofanana, nikambadilishe wakati mifugo iko malishoni. Je, nifanye hivyo, au kuna sindano? Nampenda mke wangu.

Leodgar, Kamunyonge, Musoma.

*

Leodgar,

Nilijitahidi nisicheke. Josho likanishinda.

Nimeonyesha barua yako kwa bwana shamba mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kahawa, milimani, na ambaye amewahi kuliona ua hilo kwenye bustani za wamisheni. Hakucheka hata kidogo. Aliuliza swali moja: majani yamelegea huku udongo umelowa? Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Huyo hana kiu. Anazama."

Jambo lenyewe liko hivi. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji siku nyingi, ukungu wa ardhini hupata njia, kwa sababu husafiri ndani ya maji, huingia kwenye mizizi na kuiozesha. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo majani hulegea kama ya mti wenye kiu, na mtu asiyejua huongeza maji. Mzee Burito analiua ua lako kwa ukarimu, kwa maelekezo uliyotoa wewe. Magadi yameongeza ubaya: rododendroni hupenda udongo mchachu, na magadi huondoa uchachu wote. Kulipanda kwa kina baada ya josho kulilifukia shina mahali panapotakiwa kupumua. Kosa lako halikuishia siku ile, Leodgar. Umekosea mara moja ukaacha wengine waendelee kwa niaba yako.

Sindano haipo. Dawa ya shaba wanayopulizia kahawa haifufui mzizi uliooza, usipoteze nauli kuitafuta. Kinachowezekana ni hiki. Chimbueni ua kwa upole, osheni mizizi kwa maji safi. Mzizi mweupe au wa rangi ya maziwa na mgumu, uacheni. Wa kahawia, laini, ambao ngozi yake inachubuka ukiivuta kwa vidole, kateni mpaka mfike palipo pazima, kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, na kipitisheni tena kabla ya kila mkato. Mlivyokata vichomwe moto. Visitupwe kwenye samadi. Halafu kwaruzeni gome la shina karibu na ardhi kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, kuna matumaini. Pakiwa pa kahawia kuzunguka shina lote, limekufa na halijui bado, msiteseke nalo.

Likiwa hai, punguzeni theluthi ya majani, maana mizizi iliyobaki haiwezi kulisha yote. Lisirudi zizini kamwe: pale kuna mkojo, samadi mbichi, kwato na ukungu uleule. Tafuteni mahali pa mteremko penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Msichimbe shimo, jengeni tuta: mchanga wa chengachenga, majani yaliyooza, vipande vya magome. Udongo mweusi wa mbugani hapana, majivu hapana. Bonge la mizizi likae juu, lichungulie vidole viwili nje ya ardhi. Tandazeni majani makavu juu ya tuta, yasiguse shina. Maji ni pale tu mtu anapochomeka kidole hadi kiungo cha pili akakuta pakavu. Mvua ikinyesha, hakuna wa kumwagilia, hata kama ni mgeni rasmi. Kazi ya kidole apewe Hyasinta, ndiye pekee kwenu aliyefikiri kukitumia.

Tena usijidanganye. Hilo ni ua la milimani penye mawingu na baridi. Hata likipona, Nyamuswa litaishi kwa kunung'unika.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako wa kubadilisha mti: mtu anayeingia zizini kwa watu mchana, wenyewe hawapo, akatoka na kitu kinachohesabiwa na sungusungu kama ng'ombe, ni mwizi wa mifugo. Wakikukamata huko, barua yako ijayo itaandikwa na mtu mwingine. Na ukifanikiwa ni vibaya zaidi, kwa sababu mti huo mpya nao utapewa magadi.

Sasa soma tena ulichoniandikia. Mzee Burito hakukutapeli. Alikubali ua kwa sababu wezi wamemaliza mazizi na alitaka binti yake aolewe. Alikuuliza njia ya kulitunza, akaifuata kwa uaminifu kuliko watu wengi wanavyofuata dawa za hospitali. Mkeo naye hakuondoka kwa sababu ya majani. Alikwambia mlangoni alichokiona, akakupa nafasi ya kujibu, ukaniandikia mimi. Unaogopa ua litakufa. Yeye anangoja kuona kama mume wake anaweza kusema neno moja la kweli mbele ya baba yake bila kuangalia dari.

Kwa hiyo, Jumamosi hii panda basi la kwanza. Mpitie Mzee Enoka, aliyetamka kwamba ni ng'ombe, kwa kuwa si adabu kwenda peke yako kwa wakwe na jambo kama hili. Beba kisu kikali na kiberiti. Mwambie Mzee Burito kwamba ua likifa, utaleta ndama mara utakapompata, na useme hivyo kabla hajauliza. Omba Hyasinta na Mama Petronila wawe mahali wanapoweza kusikia, hata kama ni nyuma ya ukuta.

Watakukaribisha, watakuletea maji ya kunywa, watakuambia hali ya Mgeni. Usikubali kuanza na Mgeni. Anza hivi: "Baba, uliniuliza swali nikakudanganya. Nilikuwa sijui." Nyamaza mpaka amalize kukutukana.

Kisha omba jembe.