Mama Aulizwe Kwanza Kuhusu Mguu Wake

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumanne jioni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

"Mgonjwa mzee ukimwambia ukweli, umemuua kabla ya ugonjwa." Hayo ni maneno ya kaka yetu mkubwa. Aliyasema jana mbele yangu kwenye korido ya wodi, na naambiwa nawe uliyaunga mkono kwenye simu. Nitayajibu, lakini kwanza nikusalimu, maana hasira zangu bado hazijafika mahali pa kusahau adabu. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na lile tumbo lililokuwa likimsumbua limetulia? Watoto bado wanamwogopa shangazi yao?

Sisi huku ni wazima, isipokuwa yule tunayehangaika naye. Mimi usingizi umekuwa wa mang'amung'amu na shingo imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini miguu yangu yote miwili iko salama, kwa hiyo silalamiki.

Kidonda cha mama kwenye kidole gumba, kilichoanza kwa kukwaruzwa na kiatu, kimekuwa cheusi, na weusi umepanda hadi kwenye unyayo. Ni kisukari. Daktari wa upasuaji anataka kuukata mguu chini ya goti, keshokutwa Alhamisi. Hilo unalijua. Mmelizungumza nyinyi watatu: wewe, baba mdogo na kaka, ambaye nitamwita Mwenyekiti kama tulivyomwita utotoni, kwa kuwa hata mchezo wa gololi aliufungulia kikao.

Mwenye mguu ndiye asiyejua. Mama anaamini anakwenda kusafishwa kidonda.

Utauliza ilikuwaje hali ifike huko ilhali amelazwa. Nilikuwa nimekaa pale pale kitini. Asubuhi madaktari hupita kundi zima, kitanda baada ya kitanda. Anayetangulia huinama na kusema, "Mama, hujambo?" Naye mama yetu, aliyetufunza kwa fimbo kwamba salamu haiitikiwi kwa malalamiko, hujibu, "Sijambo mwanangu, labda nyinyi mnaohangaika." Mwanangu huyo anaandika kuwa mgonjwa hana tatizo, kundi linahamia kitanda kinachofuata. Kumbe tangu alfajiri mama alikuwa anauma shuka kwa maumivu ya shavu la mguu.

Nikamwambia, "Mama, ukishaitikia salamu usiishie hapo. Sema mguu unawaka moto."

"Nimwambie mtoto wa watu naumwa hata hajapumua?"

"Hicho ndicho kilichomleta."

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mwanamke mcheshi aliyefungwa bandeji mpaka kwapani, akadakia, "Bibi, hapa ukisema sijambo mara tatu wanakupa ruhusa, unarudi kwako na donda lako na adabu zako."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kesho yake alisema, kwa sauti ya kuomba radhi, lakini alisema. Ndipo bandeji ikafunguliwa yote na weusi ukaonekana. Simlaumu yeye. Namlaumu kila aliyesoma miaka yote ile akachukua itikio la salamu akaliandika kuwa ni hali ya mgonjwa.

Kuanzia siku hiyo Mwenyekiti akashika usukani. Mama akiulizwa swali, anajibu yeye. Hata alipoulizwa kama amepata choo, alijibu yeye, na nikamuuliza kama alikwenda naye. Hakucheka. Daktari alipotaka kumweleza mama habari ya kukatwa, Mwenyekiti alimzuia: "Niachie mimi, nitamweleza kwa lugha ya nyumbani." Lugha ya nyumbani ikawa kimya.

Mdogo wangu, juu ya dirisha la kuchukulia dawa limetundikwa tangazo la haki za mgonjwa. Limewekwa juu sana, kwa herufi ndogo kama siafu. Nilipanda kwenye kiti kulisoma, mlinzi akinitazama kama mwizi wa taa. Linasema mgonjwa aelezwe ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, aulize, akitaka aonwe na daktari mwingine, na asifanyiwe lolote kabla hajakubali mwenyewe. Nimetafuta mstari unaosema "isipokuwa mwenye mtoto mkubwa wa kiume." Haupo.

Leo nilimvizia daktari nje ya chumba cha kubadilishia bandeji. Nikamwambia mama hajui lolote.

Akavua miwani. "Kaka yenu alisema mmekaa naye, amekubali."

"Wamekaa. Mama hakuwepo kwenye hicho kikao."

"Basi mimi simkati mtu mwenye akili zake timamu asiyejua anachokatwa. Lakini dada, nawe nisikie. Nikifika Alhamisi nikamkuta hajui, itabidi nimweleze mwenyewe, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Wengi wakiambiwa pale hukataa kwa mshtuko. Siku inapotea, na sumu inazidi kupanda."

Nikauliza kama daktari mwingine anaweza kuutazama mguu. Nilidhani atanuna. Akaniambia ni haki ya mama, akamwita mwenzake kutoka wodi ya pili. Daktari huyo wa kike akaubonyeza mguu, akatafuta mapigo ya damu kwenye kifundo, akatikisa kichwa. Hakuna njia nyingine. Nilitamani sana iwepo, ningekuja kwenu na ushindi mkononi.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi. Mama ni mbishi kuliko mimi, unamjua. Akiambiwa, anaweza kusema hapana na kugeukia ukutani. Tukimzika, Mwenyekiti atanitazama mimi pale kaburini. Woga wake si wa kipuuzi, ninao mimi pia.

Lakini ifuate hoja yake mpaka mwisho. Mama atazinduka. Atataka kugeuka, atapapasa chini ya blanketi. Ni nani kati yenu watatu atakuwa amekaa pale, na atasema nini? Na siku atakapohitaji kumeza dawa, kuvumilia mazoezi, kujifunza kusimama upya, atamwamini nani? Mtu huyu alituzikia baba kwa mikono yake, akarudi nyumbani akatupikia. Leo mmeamua hawezi kubeba habari za mguu wake mwenyewe.

Mchana kaniagiza, "Niletee vile viatu vyangu vyeusi vya kutokea. Kaka yako anasema wiki ijayo natoka kwa miguu yangu." Viatu viko hapa mezani ninapoandikia. Nimevipiga rangi vyote viwili, kwa sababu sikujua mikono yangu niipe kazi gani.

Nimekuandikia kwa kuwa kwenye simu mnanikata kauli, na Mwenyekiti kila nikifungua mdomo ananiambia, "Tuko watatu, wewe uko peke yako." Binti yangu ataipiga picha barua hii na kukutumia sasa hivi. Wifi yangu msalimie sana, na wanao wabusu vichwani. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, na baba mdogo pia, kupitia binti yangu, maana kwa sasa hatusemezani. Mungu awalinde huko, na amjalie mama moyo wa kuyabeba haya.

Nawe ninachokutaka ni hiki. Leo hii mpigie Mwenyekiti umwambie sauti yako umeiondoa upande wake. Mpigie na baba mdogo umwambie hivyo hivyo. Kesho jioni, saa ya kuona wagonjwa, daktari amekubali kuja kukaa kitandani kwa mama, nami nitakuwepo. Piga simu yangu, nitampa mama. Wewe ndiye mtoto anayemsikiliza bila kubishana, hilo sote tunalijua na wengine linatuuma. Usimwambie atapona, usimwambie si kitu. Mwambie una habari za mguu wake, kwamba ni mbaya, kwamba daktari yupo hapo amweleze, na kwamba uamuzi ni wake. Kisha nyamaza, hata akilia, mpaka amalize kuuliza yote. Akikataa, mwombe, hata kwa magoti. Usimdanganye.

Piga, mdogo wangu. Usiniachie mimi peke yangu.

Dada yako, mkali na mwenye kukupenda