Swali la Mama Athumani Mahakamani

Mjukuu wangu Salma,

Sote hapa Majengo hatujambo, na mamako amepona goti. Waniuliza aliyeua akili zimemruka kwa dawa za kulevya ahukumiwe vipi.

Ujanani nilihudhuria kesi ya jirani yetu Athumani, aliyemuua nduguye akiwa amelewa dawa hizo, akidhani ni jini. Jaji alipomruhusu mama yao kusema, alimgeukia mwanawe: "Ulipozitumia zile dawa, mwanangu, ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa nazo, mama. Lakini sikujua zingenifikisha huku."

Jaji akamfunga miaka kadhaa kwa kuua bila kukusudia. Mama alimzuru gerezani mpaka akatoka.

Hadi leo najiuliza lile "sikujua" lilimpunguzia hatia kiasi gani. Wewe usomaye sheria, ungelipimaje?

Nyanyako akupendaye,
Bi Zuhura