Mchicha wa Mfuko wa Pili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali yako na ya huyo anayekupiga mateke tumboni, kuna jambo sijamwambia mtu: mimi ndiye niliyebadilisha majina kwenye mifuko ya mchicha. Nimeshalisema, sasa niendelee vizuri. Sisi hatujambo. Mama mzima, goti tu linamsumbua asubuhi.

Mwezi uliopita bwana shamba alikuja kuchukua mboga za kila bustani zikapimwe maabara. Alitueleza kwamba palipovunjwa betri za magari, udongo hubaki na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mchicha huyanyonya kwa mizizi. Mama akamjibu kwamba wa kwake huoshwa maji matatu, na kwamba bwana shamba akitaka, atamwoshea na yeye hiyo mikono. Watu wakacheka. Bwana shamba naye akacheka, kisha akasema taratibu, "Mama, hii haioshwi. Imo ndani ya jani."

Dada, nilitazama pale ukutani ambapo marehemu baba alikuwa akivunja betri. Ndipo mchicha wetu unapostawi kuliko kwingine. Kwa sababu ya mwandiko wangu, nilipewa kazi ya kuandika majina na kuyabandika kwenye mifuko ya mboga hizo. Niliogopa mama ataambiwa ang'oe bustani, na unajua ndiyo iliyomwinua baada ya msiba. Mfuko wetu nikaubandika jina la jirani yetu, Mama Pacha, na wake nikaubandika letu. Nilijidanganya kwamba huenda mchicha wote ni salama, basi hataumia mtu.

Majibu yamerudi: mfuko wenye jina la Mama Pacha ndio uliokutwa na risasi. Mama Pacha ameng'oa kila kitu, hata miche. Alikuwa akitania kwamba sasa atapanda kokoto, lakini alipofika tuta la mwisho alikaa chini udongoni. Mama akamwonea huruma. Kila jioni hunituma nimpelekee fungu la mchicha wetu, kwa ajili ya wale pacha. Siku ya kwanza nilikosa ujasiri, nikaupeleka, wakala. Tangu hapo nautupa shimoni. Mezani nasingizia tumbo, na mama ananitania kwamba natafuta kiuno, huku yeye anamaliza sahani. Situlii, dada. Nafagia palipokwisha kufagiwa.

Jumamosi bwana shamba atakutana nasi sote. Nitasimama niseme, mimi niliyekuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni ili nisisome mbele ya darasa.

Zile mboga kavu alizokutumia mama, tafadhali zitupe zote, na kliniki waeleze kwamba umezila. Leo amenifungia nyingine nizitume pamoja na barua hii. Hutazikuta. Akikupigia simu kuuliza, mwambie zimefika. Nifichie hili hadi Jumamosi tu, dada. Nataka mama alisikie kutoka kinywani mwangu.

Nisalimie shemeji.

Mdogo wako,
Kimya