Mikono ya Paska Mahakamani

Mama yangu,

Paska haongei tena. Mikono yake ameificha ndani ya kanga tangu turudi kutoka mahakamani Karatu, hata chumvi haombi. Namfanyia ile ishara anayokuitia wewe, ya kuvuta ncha ya kitambaa kichwani, ananitazama tu kama mgeni.

Kesi imekwisha. Yule mwenye mashine ya kusaga, aliyembaka mdogo wangu, ameachiwa huru. Wewe ulituacha kabla hatujaitwa kutoa ushahidi, na hasira yangu nyingine ni kwako. Unisamehe.

Siku ya kesi, kutoka Endamarariek tulipanda gari moja na mtu huyo. Landrova ni hiyo hiyo moja, ningefanyaje? Alikaa mbele na dereva wakicheka habari za mahindi. Paska akajikunyata miguuni pangu, akanitapikia viatu.

Mahakamani wakatuweka benchi moja na ndugu wa yule mtu. Nikamwambia karani, jamani, huyu binti ni kiziwi, hasemi, anatetemeka, mtutafutie pa kukaa. Akasema, "Dada, chumba ni hiki tu." Kimejaa watu na kesi zao za ng'ombe na mipaka, wote wametukodolea macho.

Hakimu akauliza kama Paska anajua maana ya kiapo. Nani amuulize, Mama? Lugha yake ya mikono mliitunga nyie wawili jikoni, mkinicheka nikikosea. Nikasimama, nikasema nitatafsiri mimi, dada yake. Wakili wa yule mtu akasema nitamtungia maneno. Hakimu hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo linaniuma. Aliuliza kama yupo mwingine anayezijua ishara zake. Nikamjibu, "Alikuwepo. Tumemzika."

Ndipo Paska mwenyewe, bila kuulizwa, akajikung'uta begani kama anayetoa unga. Hivyo ndivyo anavyomwita mwenye mashine, toka utotoni. Halafu akaonyesha alichofanyiwa. Hicho siandiki.

Watu wa kwetu mle ndani walielewa wote. Si wamesaga pale miaka yote wakimwona akimwita hivyo, wakicheka? Nikawageukia: semeni basi! Mjumbe wetu wa nyumba kumi akainamisha kichwa. Jirani yako, yule uliyemuuguza, akaanza kutafuta kitu kikapuni. Hakimu akasema shahidi hakuweza kutoa ushahidi.

Hakuweza! Mama, alisema yote, mbele ya kila mtu. Wangetafuta hata mwalimu mmoja wa viziwi. Wangetupa chumba kidogo, yule mtu asiwemo. Sikuomba makubwa mimi.

Sasa hivi ninapoandika, mashine inanguruma, na foleni ya watu imefika barabarani. Mimi nasaga kwa jiwe lako la zamani. Viganja vimetoka malengelenge na ugali una mchanga, lakini pale kwake sikanyagi.

Jana nilipomaliza kusaga nilijikung'uta unga begani, bila kufikiri. Paska akaniona. Alikimbilia uvunguni mwa kitanda chako, na hakutoka hadi leo asubuhi.

Basi pumzika, Mama, sikusumbui tena kwa leo. Nakuahidi hili moja tu ninaloliweza: humu ndani hakuna atakayejikung'uta tena. Nitakaa na unga wangu begani hadi siku atakapoitoa mikono yake mwenyewe.

Mwanao,
Veronika